Seli za Kinga za Ubongo na Maradhi ya Uzeeni: Hoja ya Kwenda Kuhesabu Kibaha na Kisarawe

Sehemu kubwa ya tunachokijua kwa tarakimu kuhusu kuchakaa kwa ubongo nchini Tanzania imetoka katika wilaya moja, nayo ni Hai, mkoani Kilimanjaro. Huko ndiko watafiti walikopita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 160,000 wakawakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Huko pia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walichunguzwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na kiwango cha demensia kikakadiriwa kuwa asilimia 6.4. Ni kazi ya kuheshimiwa, na bila hiyo tungekuwa gizani kabisa. Hata hivyo, kwa jinsi sayansi inavyozielewa leo seli za kinga za ubongo, takwimu za Hai haziwezi kuhamishwa kama zilivyo hadi mkoa wa Pwani. Wilaya zake za Kibaha na Kisarawe ni mahali panapostahili kuhesabiwa kwa haki yake.

Seli ninazozisema ni mikroglia. Aliyezipambanua na seli nyingine za ubongo ni Mhispania Pío del Río-Hortega, mwaka 1919. Hukadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 10 ya seli zote za ubongo, na asili yake ni tofauti na ya neva zinazozizunguka. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwa panya kwamba mikroglia hutokana na seli za kifuko kinachokilisha kiinitete siku za mwanzo kabisa za mimba, kisha huhamia kwenye ubongo unaoumbika na kubaki humo, zikijizalisha zenyewe. Zamani zilidhaniwa kuwa hulala mpaka pale maradhi yanapozuka. Hadubini zilizoweza kutazama ndani ya ubongo wa panya aliye hai zilivunja dhana hiyo mwaka 2005, kwani matawi ya mikroglia yalionekana hayatulii, yakipapasa kila pembe. Huondoa mabaki ya seli zilizokufa, hukabili vimelea, na katika ubongo unaokua hupunguza sinapsi, yaani viungo kati ya neva, zisizohitajika.

Uhusiano wake na maradhi ya uzeeni ulianza kuchukuliwa kwa uzito mwaka 1988, Patrick McGeer na wenzake wa Vancouver walipozikuta mikroglia zilizochachamaa katika bongo za marehemu waliokuwa na Parkinson na Alzheimer. Swali likawa kama seli hizo zimeleta maangamizi au zimekuja kuyasafisha. Jeni zilitoa jibu lisilotarajiwa. Mwaka 2013 ilibainika kwamba watu wenye badiliko fulani adimu katika jeni ya TREM2, ambayo ndani ya ubongo hufanya kazi hasa katika mikroglia, wana hatari ya Alzheimer iliyo takriban mara tatu ya wengine. Badiliko hilo huidhoofisha kazi ya seli. Kwa hiyo, kwa watu hawa angalau, ubongo huumia kwa sababu mlinzi ni dhaifu. Kisha mwaka 2016 majaribio ya panya yakaonyesha upande wa pili, kwamba mikroglia hizohizo huweza kuanza kula sinapsi nzima mapema, kabla hata mabonge ya protini ya amiloidi hayajatanda.

Tiba zimeyumba kwa sababu hiyohiyo. Dawa za kutuliza mchochota kama naproxen na celecoxib zilijaribiwa kwa wazee wa Marekani kwa nia ya kuzuia Alzheimer, nazo hazikuzuia. Kinyume chake, kingamwili iliyotengenezwa ili kuichochea TREM2 ilishindwa pia katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa Novemba 2024. Naona si busara tena kuziita mikroglia adui au rafiki. La kuuliza ni zimepitia nini kabla ya uzee.

Hapo ndipo ninapoutegemea zaidi utafiti uliotoka Tübingen, Ujerumani, mwaka 2018. Panya wenye mwelekeo wa kupata amiloidi walichomwa sindano ya dutu ya bakteria, si ndani ya ubongo bali mwilini. Waliochomwa mara moja walikuja kuwa na mikroglia kali zaidi na amiloidi nyingi zaidi miezi kadhaa baadaye. Waliochomwa mara nne mfululizo walipata matokeo kinyume, mikroglia zao zilitulia na amiloidi ikapungua. Kumbe seli hizi hukumbuka homa ya mwili hata baada ya homa yenyewe kwisha, na kumbukumbu hiyo hutegemea imekuja mara ngapi. Panya si mwanadamu, nakubali. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Southampton walikuwa wamekwisha kuona kwamba wagonjwa wa Alzheimer wenye dalili za mchochota katika damu hupoteza uwezo wa akili haraka zaidi.

Sasa mfikirie mzee wa Kisarawe mwenye miaka 75. Alipougua malaria utotoni hakukuwa na chandarua chenye dawa. Amekulia katika ukanda wa matende na mabusha, na amegawiwa dawa za minyoo inayoyaleta akiwa mtu mzima. Kama ni mwanamke, amepika kwa kuni au mkaa maisha yake yote. Mwenzake wa Hai, aliyezaliwa kwenye miteremko ya mlima ambako malaria ni chache, ana historia nyingine ya kinga. Ikiwa mikroglia hukumbuka, wazee hawa wawili hawana ubongo uliofundishwa mambo mamoja, na sioni uhalali wa kuchukua asilimia ya mmoja kumpangia mwingine huduma.

Je, historia ya Pwani ingeongeza maradhi au ingeyapunguza? Ushahidi wa kwingineko unavuta pande zote mbili. Ulinganisho mashuhuri wa Ibadan na Indianapolis, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta Wayoruba wanapata Alzheimer kwa kiwango kisichofika nusu ya kile cha Wamarekani weusi. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, wanaoishi na minyoo tele, wenye jeni ya APOE4 ambayo kwingine huitwa ya hatari walionekana kuwa na akili nzuri zaidi pale mzigo wa vimelea ulipokuwa mkubwa. Lakini lazima tujihadhari. Mtu aliyefika miaka 75 Kisarawe ni yule ambaye malaria haikumuua akiwa mtoto, na huenda hicho tu kikatosha kumtofautisha. Elimu nayo huingia, kwa kuwa asiyesoma hufanya vibaya katika vipimo vilivyobuniwa kwa waliosoma. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo na kuwasha mikroglia kwa njia yake yenyewe. Utafiti usioyapima haya yote pamoja utatudanganya.

Kuna mfano wa nyumbani unaotutisha kwa haki. Mahenge, katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alieleza kifafa cha ajabu cha watoto wanaoangusha kichwa mfululizo, hali ambayo wenyeji huiita amesinzia kichwa. Ugonjwa huo ulikuja kuonekana pia Uganda na Sudan Kusini, daima katika maeneo ya minyoo ya usubi. Mwaka 2017 ilipendekezwa kwamba kingamwili inayotengenezwa dhidi ya mnyoo huweza kushambulia protini ya mwili wenyewe iliyomo katika neva. Bongo za marehemu wa Uganda zilipochunguzwa, zilikutwa na protini ya tau iliyojikusanya, pamoja na alama za mchochota, ilhali mnyoo mwenyewe hakuonekana humo. Mjadala wa chanzo haujafungwa. Hata hivyo, kwa msomaji wa Pwani mfano huu unadokeza kwamba huenda kimelea kikauumiza ubongo bila kuuingia, kupitia kinga peke yake.

VVU ni mfano wa pili, na ulio karibu zaidi. Virusi hivi havikai katika neva. Vikiingia ubongoni hujificha hasa katika mikroglia na jamaa zake, na dawa za ARV haziviangamizi kabisa humo. Wengi walioanza dawa wakiwa vijana sasa wanazeeka. Katika hospitali ya Mawenzi, Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta karibu nusu ya wagonjwa wa VVU wenye miaka 50 na zaidi wana upungufu wa akili unaogusa maisha yao ya kila siku. Wagonjwa wa namna hiyo wapo katika kliniki za tiba na matunzo za Kibaha na Kisarawe pia, na mtu anayesahau dawa zake si lazima awe mzembe.

Njia ya kupita kwenye bongo za marehemu, kama walivyofanya Vancouver, haitufai kwa sasa. Pwani maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, na heshima hiyo kwa marehemu haipaswi kuvunjwa kwa jina la sayansi. Lakini damu inapatikana. Kingamwili dhidi ya malaria na minyoo zilizomo ndani yake hueleza mengi kuhusu maambukizi aliyopitia mtu, na protini za ubongo zilizovuja zinaanza kupimika humohumo. Kipimo cha akili kilichoandaliwa Hai hakimtaki mzee ajue kusoma. Mzee hukumbuka maneno, hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti.

Watu wa kukitumia wapo pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya ya jamii 22 wilayani Kibaha waliweza kupima malaria kwa kipimo cha haraka vijijini, na wakapunguza utoaji wa dawa za malaria kwa wasioihitaji. Anayeweza hilo anaweza kufundishwa njiti za kiberiti. Atakaowatilia shaka wapelekwe hospitali ya Tumbi, na wenye utata zaidi wapelekwe hospitali ya Mloganzila, ambayo haiko mbali.

Wapo watakaouliza kuna faida gani kuhesabu ugonjwa usio na tiba. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo presha, kisukari na hewa chafu. Hayo yote yanashughulikiwa, au yanapaswa kushughulikiwa, katika zahanati zetu tayari. Na familia inayoambiwa kwamba bibi ana ugonjwa humtunza kwa namna tofauti na familia inayoambiwa ni uzee tu huo, au mbaya zaidi, inayomtafuta mchawi.

Nawaomba wenzangu wa taasisi za afya za Muhimbili na Ifakara waandae utafiti mmoja, wenye kipimo kilekile cha Hai, kwa wazee wa wilaya hizi mbili. Nawaomba pia waganga wakuu wa Kibaha na Kisarawe wasiusubiri. Waanze mwaka huu na wagonjwa wa VVU waliovuka miaka 50, wawapime akili kama wanavyowapima uzito, na waandike majibu kwenye kadi.