Kidole Kifupi — Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Babu, mlinzi wa usiku hapa Newtown, Johannesburg, alinikabidhi kitita cha kaniki. "Fungua, Mrabai mwenzangu. Ila ukishafungua, huna pa kurudi."

SASA ENDELEA...

Ndani mlikuwa na bonge la udongo mkavu.

"Udongo tu, Babu?"

"Huo ni ukuta, mjukuu wangu."

Akasogeza mikono yake yenye glavu kwenye jiko la mkaa. Baridi ya Julai hapa haina adabu.

"Hapa ulipokaa zamani watu walifyatua matofali. Tauni ilipoingia mwaka 1904, wakubwa wakapatia moto, wakajenga upya, wakapaita Mji Mpya. Sisi kule Rabai tulianza kwa miti, udongo na makuti."

Akanisimulia Agosti 1846: wamisionari Krapf na Rebmann wanapanda kilima cha Rabai, homa imewashika wote wawili, punda mmoja wanapokezana. Krapf alikwisha kuzika mke na mtoto Mombasa miaka miwili nyuma. Wazee wa kaya wakawakubalia kukaa. Nyumba ikasimama, mahubiri yakaanza, wasikilizaji wa kuhesabu kwa vidole. Ilipita miaka kabla ya Mringe, mlemavu, kubatizwa, naye yu kitandani anangoja kufa.

"Vitabuni utamkuta Krapf, utamkuta Rebmann. Aliyekandika ukuta humkuti. Ligeuze."

Nikaligeuza, nikalimulika kwa simu. Vidole vinne vilikuwa vimepita kwenye udongo ungali mbichi, vikaacha mifereji minne. Wa pembeni uliishia njiani.

Babu akavua glavu ya kulia. Kidole chake cha mwisho hakikuvuka kifundo cha kwanza.

"Sikukatwa. Ukoo wetu huzaliwa hivi. Baba yako je?"

Koo likanikauka. Marehemu baba alitembea na mkono wa kulia mfukoni maisha yake yote. Hata kanisani, kitabu cha nyimbo alikishika kwa kushoto. Sisi watoto tuliambiwa ni panga, shambani.

Nikampigia mama Rabai usiku uleule.

"Mama, kile kidole cha baba, kweli kilikatwa na panga?"

Kimya. Nikasikia kitanda chake kikilia, kisha mlango ukifungwa taratibu. Aliporudi kwenye simu, alinong'ona:

"Kumbe huyo mzee bado yu hai?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO