Mikono Iliyohesabu Fedha Upareni

Kabla ya noti, Wapare walihesabu mali kwa mifugo na majembe ya chuma. Misafara ya karne ya 19 iliyopitia Gonja na Kisiwani kuelekea Taveta ilileta vitambaa, shanga na hesabu ya namna nyingine: deni. Kiongozi wa msafara alikuwa na wadai wake, Wahindi wa pwani waliomkopesha bidhaa kabla hajaondoka.

Wajerumani walileta kodi. Tangu 1898 kila nyumba ilidaiwa rupia, na kazi ya fedha ikapata mwajiri wake wa kwanza wa kudumu, yaani serikali, iliyowatumia maakida na makarani wao. Benki ya Deutsch-Ostafrikanische ilianzishwa mwaka 1905, lakini mkulima wa Kihurio, huku Upareni, hakuwa na shughuli nayo. Fedha aliiona ikitoka mkononi mwake tu.

Chini ya Waingereza shilingi ilishika nafasi ya rupia, na katika mashamba ya mkonge akatawala karani wa kipande. Kibarua alikuwa na kadi ya siku 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Kadi isiyojaa haikulipwa. Sidhani kama kuna meneja wa benki aliyewahi kubembelezwa kama mwenye penseli yule. Ndiyo maana sishangai kwamba mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, iliwasha moto: mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kuipinga. Pamoja na kiasi cha kodi, walimkataa mkadiriaji aliyewaingilia bomani mwao kuhesabu ng'ombe.

Ushirika, uliopata sheria yake mwaka 1932, ulizaa karani wa mizani. Kisha likaja Azimio la Arusha. Februari 1967 benki zilitaifishwa, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikaundwa, na kwa zaidi ya miaka 20 kijana aliyetaka kazi ya benki alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, wa serikali. Mwaka 1972 Cleopa Msuya, mwana wa Usangi, akawa Waziri wa Fedha.

Sheria ya 1991 iliruhusu tena benki binafsi. NBC iligawanywa mwaka 1997, ikazaliwa NMB. Vijijini akina mama waliendelea na upatu, kisha wakaingia VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku moja, kufuli tatu, wenye funguo watatu, wala hakuna anayelipwa mshahara.

M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Kazi ya fedha imefika Kihurio yenyewe, ila mwajiri hayupo: wakala wa M-Pesa anaishi kwa kamisheni, na mtaji ni wake. Msimu wa mpunga wanunuzi hutuma fedha kwa simu, wakulima hupanga foleni kutoa, na kabla ya adhuhuri noti zimekwisha huku floti, yaani salio la simuni, imejaa. Hapo wakala hufunga kibanda, akapanda basi la Same kutafuta noti.