Bunduki na Historia ya Wenyewe

Husemwa mara nyingi kwamba Wamarekani wanazing'ang'ania bunduki kwa kuwa ni wakorofi, na Waingereza wamezikataa kwa kuwa ni wapole. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Nikiitazama historia, naona mataifa hayo mawili yalichota maji katika kisima kimoja.

Mwaka 1689 Bunge la Uingereza lilipitisha Hati ya Haki. Humo raia wa madhehebu ya Kiprotestanti waliruhusiwa kuwa na silaha za kujilinda, ila kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Yaangalie vizuri, msomaji, maneno hayo ya mwisho. Bunge lililotoa ruhusa lilibakiwa na uwezo wa kuipunguza.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikwenda njia nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili, 1775, askari wa mfalme walitoka Boston kwenda Concord kukamata silaha za walowezi. Mgambo wa vijijini wakawapinga kwa risasi, na vita vya uhuru vikaanza. Taifa lililozaliwa hivyo halikutaka kuiachia serikali hiari juu ya bunduki. Mwaka 1791 haki ya kuwa na silaha iliandikwa katika katiba, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kuwa ni haki ya mtu binafsi, si ya mgambo tu.

Tofauti hiyo ilidhihirika wakati wa msiba. Machi 1996, huko Dunblane, Uskochi, mtu mmoja aliwaua wanafunzi 16 na mwalimu wao kwa bastola alizozimiliki kihalali. Mwaka uliofuata, karibu bastola zote zilipigwa marufuku England, Wales na Uskochi. Desemba 2012, mjini Newtown, Marekani, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa shuleni. Aprili 2013, pendekezo la kuwachunguza wanunuzi wengi zaidi wa bunduki lilipata kura 54 katika Seneti, nazo zilihitajika 60.

Mzazi wa Newtown hakulia machozi machache kuliko yule wa Dunblane. Ila kila mmoja alilia ndani ya taifa lenye simulizi yake juu ya bunduki. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nami nauliza, je, mila isiyoruhusiwa kuhojiwa haimfanyi mtu mtumwa pia? Katiba ya Marekani iliandikwa na binadamu, na hadi leo wameifanyia marekebisho 27.