Safu ya Lugha: Katani

Katani ni nyuzi zinazotolewa kwenye majani ya mkonge. Mkonge ni mmea, katani ni zao lake. Neno hili ni ndugu wa kitani, na yote mawili yana asili ya Kiarabu. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na tangu hapo katani imejulikana kwa kamba, magunia na mazulia.

Leo neno hili limeingia katika uhandisi wa upepo. Mufindi, mkoani Iringa, mitambo ya upepo ya Mwenga yenye uwezo wa megawati 2.4 ilianza kazi mwaka 2020. Kwa kawaida mapanga ya mitambo ya namna hii huundwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Watafiti huchanganya nyuzi hizo na katani, na mchanganyiko huo unafaa kuitwa nyuzi mseto. Sentimita moja ya ujazo ya katani ina uzito wa gramu 1.5 hivi, ya kioo, gramu 2.5. Kioo hubeba mzigo, katani hupunguza uzito.

Katani ina udhaifu: hunyonya maji na haishikani vizuri na gundi. Ndiyo maana huoshwa kwanza kwa sodiamu haidroksaidi. Kwa sasa inafaa zaidi mapanga ya mitambo midogo.

Basi mwandishi asiseme panga limetengenezwa kwa mkonge. Aseme kwa katani.