Hofu ya Damu Kumwagika

Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipenyeza mrija kwenye mshipa wa mkono, akausukuma hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu kupigwa eksirei. Wakubwa wake walikasirika. Nobel aliipata mwaka 1956.

Mrija ule haukutibu mapigo. Kutibu mapigo yaliyovurugika kwa njia hiyo kulikuja mwaka 1981, daktari Melvin Scheinman alipotumia mrija kama huo, yaani katheta, na mshtuko wa umeme jijini San Francisco, bila kupasua kifua. Baadaye nafasi ya mshtuko ilichukuliwa na joto la mawimbi ya redio. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, wakaonyesha kwamba cheche nyingi zinazozusha mtetemo wa chemba za juu za moyo hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Mishipa hiyo huingia chemba ya juu ya kushoto, na tiba ilipohamia huko, hatari ikabadilika sura. Donge la damu la upande wa kulia huishia mapafuni. La kushoto laweza kupanda moja kwa moja hadi kwenye ubongo, mgonjwa akaamka na kiharusi.

Tangu karne ya 19 daktari Rudolf Virchow alikwishaandika kuhusu damu inayotuama na mshipa uliojeruhiwa kuwa vyanzo vya madonge. Tiba hii inaleta yote mawili: joto huunguza ukuta wa moyo, na chemba iliyorudishiwa mapigo ya kawaida huweza kukaa majuma kadhaa ikijikunja kwa unyonge.

Dawa ya kuzuia damu kuganda ilikuwepo. Warfarini, iliyotokana na uchunguzi wa ng'ombe waliovuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza, iliuzwa kwanza kama sumu ya panya. Lakini madaktari waliogopa kutoboa moyo wa mtu ambaye damu yake haigandi, wakawa wanaisitisha siku chache kabla na kuziba pengo kwa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia kuganda. Tahadhari hiyo, naona, ndiyo iliyowaponza wagonjwa. Utafiti wa watu 1,584 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kiharusi na dalili zake za muda kwa asilimia 4.9 ya waliosimamishiwa warfarini, na asilimia 0.25 tu ya walioendelea nayo.

Siku hizi dawa haisimamishwi ovyo. Heparini hudungwa mshipani mgonjwa akiwa mezani, damu ikipimwa mara kwa mara hadi ichukue zaidi ya sekunde 300 kuganda. Vidonge vya kuzuia kuganda huendelea angalau miezi miwili, hata mgonjwa akijisikia mzima kabisa. Baada ya hapo kinachoamua ni umri, shinikizo la damu, kisukari na historia ya kiharusi, si utulivu wa mapigo.