Bigo bya Mugenyi

Bigo bya Mugenyi ni mtandao wa mahandaki na matuta ya udongo kwenye ukingo wa kusini wa mto Katonga, wilaya ya Sembabule, Uganda. Mahandaki hayo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, yalichimbwa takriban kati ya mwaka 1300 na 1500. Simulizi huyahusisha na Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa humo, na leo ni kumbukumbu inayolindwa na serikali.

Mara nyingi huitwa ngome, na anayetetea jina hilo ana hoja: baadhi ya sehemu zina kina cha mita 4 hivi, na kuna zilizochongwa kwenye mwamba mtupu. Hiyo si kazi ya mchezo kwa watu wenye majembe ya mkono. Lakini kina peke yake hakithibitishi vita. Handaki la nje ni refu mno kulindwa na jeshi la zama zile, tena limeachiwa mapengo mengi. Adui angepita bila jasho. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Peter Shinnie mwaka 1957, na wa mwenzake Merrick Posnansky mwaka 1960, ulifukua mifupa mingi ya ng'ombe. Kwa hiyo ni busara zaidi kuliona handaki la nje kama mpaka wa malisho, na eneo la ndani kama makao ya mtawala. Kwa kulinganisha, Thimlich Ohinga, boma la kale kule Migori, Kenya, limezungushiwa kuta za mawe. Hapa mpaka ulichimbwa.