Kabla Hujaiita Haiki: Historia ya Kutembea Msituni Chepalungu

Kenya ina Sigor mbili. Moja iko Pokot Magharibi, chini ya milima ya Cherang'ani, na ndiyo wengi huipata wakitafuta jina hili kwa simu. Yangu ni ile nyingine: Sigor ya Chepalungu, kaunti ya Bomet. Hatuna mlima wa kujigamba nao. Tuna vilima vya kawaida, vile hata shosho anapanda na mzigo wa kuni bila kutangazia mtu. Halafu tuna msitu wa Chepalungu, ama niseme kile ambacho kimebaki cha msitu huo.

Siku hizi vijana wengi, mimi nikiwemo, tunasema vilima na msitu huu vifanywe mahali pa watu kuja kutembea. Njia zisafishwe, vibao viwekwe, wageni watoke Kericho na Nairobi, vijana wapate kazi. Naunga mkono kabisa. Shida yangu ni neno moja linalorudiwa kila mara: "tuanzishe". Ati tuanzishe kutembea msituni. Kwani watu wa huku walikuwa wanapaa?

Tuanzie mbali kidogo. Kwa Kipsigis wa zamani, kilima hakikuwa mandhari ya kupigia picha. Pale juu, mahali palipochaguliwa, ndipo jamii ilikutana kumwomba Asis. Mahali hapo paliitwa kapkoros, na ukizunguka Bomet leo bado utakuta jina hilo. Limebaki kwa ramani hata pale ambapo ibada iliisha na kanisa likajengwa. Kwa hivyo kupanda kilima kulikuwa na sababu, na kulikuwa na adabu yake.

Msitu nao ulikuwa stoo, duka la dawa na shule, vyote pamoja. Asali ilitoka huko, na hapa lazima tuwataje Okiek, ambao waliujua msitu kuliko mtu yeyote na walibadilishana asali na majirani wao wafugaji. Senetwet, ile miti ambayo makaa yake husugua kibuyu cha mursik, ilijulikana inapomea. Sinendet, ule mtambaa tunaowavika wanariadha wetu wakirudi na medali, hautoki dukani. Vijana waliokuwa jandoni walikaa menjo, mbali na macho ya watu, na mafunzo yao mengi yalihusu huo huo msitu uliowazunguka. Kila shughuli kati ya hizi ilikuwa na njia yake ya miguu. Mtandao wa njia ulikuwepo kabla ya ule wa simu.

Sasa, kama njia zilikuwepo, mbona leo tunaongea kana kwamba zinaanza? Jibu ni kwamba kuna watu walizifunga.

Mwaka wa 1905 serikali ya Mwingereza ilituma jeshi Sotik. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kipsigis wa huko walikuwa wamevamia Wamaasai, wakachukua ng'ombe na mateka, kisha wakakataa kuwarudisha. Watu wengi waliuawa na mifugo mingi ikachukuliwa. Miaka iliyofuata, ardhi nzuri ya Sotik na Kericho ikaanza kugawiwa walowezi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia Kericho, na kilima baada ya kilima kikavaa lile zulia la kijani ambalo watalii hupenda kupiga picha. Ni zuri, sikatai. Lakini pale chini ya zulia kulikuwa na malisho, makaburi na njia za watu.

Halafu kukaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukimtoroka mwajiri bila kutiwa sahihi, unashikwa. Fikiria hilo kwa makini. Kutembea, kitu ambacho mtoto hujifunza kabla hajaongea vizuri, kukawa jambo la kuomba ruhusa.

Mwaka wa 1934 ikatoka sheria ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho ambao wakoloni waliwaita malaiboni. Familia nzima nzima, watu karibu 700, zilipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto, mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi karibu na uhuru. Hao ndio watu ambao wengi waliwategemea kwa baraka na ushauri. Ukiwaondoa hao, umeondoa pia sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mahali patakatifu ni wapi na panaingiwaje.

Na hapa ndipo historia inaudhi kidogo. Ukienda Chagaik, nje kidogo ya mji wa Kericho, utakuta bustani nzuri ya miti kando ya ziwa dogo, yenye nyasi zilizokatwa na kivuli kizito. Ilipandwa na mkulima wa chai Mwingereza. Pale ndipo wengi wetu tulifundishwa kwamba miti inaweza kuwa ya kutembelea tu, kwa starehe. Mwafrika alihitaji karatasi ili atembee. Bwana shamba alipanda msitu wa matembezi. Tukarithi hilo wazo: matembezi ni ya wenye nafasi, msitu ni wa serikali, na mwananchi akionekana ndani yake lazima ameiba kitu.

Wazo hilo halikuondoka 1963. Misitu iliyokuwa mali ya Malkia ikawa mali ya serikali, na mali ya serikali tunajua huishia wapi. Chepalungu kulikuwa kumejaa watu waliosukumwa kutoka ardhi nzuri zaidi, na shamba la baba likigawiwa wana watano halitoshi. Wenye njaa ya ardhi wakaumega msitu kutoka pembeni. Wenye ushawishi nao walikuwa wanakula kwa sahani kubwa zaidi: mwaka wa 2001 serikali ilitangaza kutoa zaidi ya hekta 67,000 za misitu nchini, nyingi zikiwa Mau, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kama peremende. Kwa hivyo ukimlaumu mchoma makaa wa Sigor, mlaumu, lakini usiishie kwake.

Hasara si yetu peke yetu. Nyangores hushuka kutoka Mau, hupita Bomet, hukutana na Amala, na hapo ndipo Mto Mara huzaliwa. Mto huo hunywesha nyumbu ambao dunia nzima huja kuwaona, kisha huingia Tanzania hadi Ziwa Victoria. Kila kilima kinachoachwa uchi katika bonde hili hupeleka udongo wake kwa mto huo huo.

Kuna mtu ataniambia: acha maneno, tuweke ua, tulipishe kiingilio, kama Karura. Sawa, tuongee Karura. Msitu ule wa Nairobi, wa hekta elfu moja na kidogo, ulikuwa karibu kuliwa na mabwenyenye. Mnamo Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa na magenge walipoenda kupanda mti. Miaka kumi baadaye kikaundwa chama cha Marafiki wa Karura, ua wa umeme ukajengwa, na leo familia hutembea pale bila woga. Ua ulisaidia, nakubali. Lakini kilichookoa Karura kwanza ni watu waliokataa kuondoka. Ua ulikuja baada yao. Pia tukumbuke kwamba Karura imezungukwa na mji. Chepalungu imezungukwa na mashamba, ng'ombe na mama anayetafuta kuni za jioni. Ukiweka ua wa umeme na geti la kulipia Sigor, utakuwa umemrudishia huyo mama kipande, tofauti ni kwamba hiki kinalipiwa kwa simu.

Sheria tayari inatupa njia nyingine. Tangu Sheria ya Misitu ya 2005, na tena ile ya 2016, wananchi wanaruhusiwa kuunda vyama vya kijamii na kusimamia msitu pamoja na KFS. Serikali inasema inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Vizuri. Mimi naomba pamoja na miche tupande majina. Njia ya haiki ipitie ile ya zamani ya asali, na iitwe hivyo. Anayemwongoza mgeni awe kijana wa hapa anayeweza kumwonyesha senetwet na kumweleza ni ya nini. Mahali ambapo wazee wanasema paliombewa, mgeni apunguze sauti. Na mtu wa kijiji apite bure, kwa sababu amekuwa akipita.

Hizo njia haziko kwenye maktaba yoyote. Ziko kwa vichwa vya watu wa miaka themanini, na kila mazishi tunayohudhuria huku yanafunga mojawapo. Kwa hivyo kabla hujanunua viatu vya haiki, nenda kwa kogo au kugo wako, keti, umuulize alikuwa anapitia wapi akienda msituni. Uandike majina vile anayatamka. Ukiweza, na kama magoti yake yanakubali, mtembee naye.